Masjala Isiyo na Kabati

Jumanne, 2 Aprili 2024. Tanga

Mkuu wa Chuo kaniita asubuhi kabla sijafungua ofisi. Barua ya ukaguzi imejulikana ilikokwenda. Ilitumwa Januari, kwa wakati, kwa anwani ambayo chuo chenyewe kiliitoa: anwani binafsi ya ofisa taaluma aliyekuwepo. Ofisa alihamishwa Novemba mwaka jana na anwani yake akaenda nayo, kama mtu anavyoondoka na simu yake mfukoni. Hana kosa. Ni yake. Sisi ndio tuliowaambia watu watuandikie kwake.

Wakaguzi walipofika Februari hata orodha ya vitabu vya maktaba hatukuwa nayo mezani. Nilikuwepo. Nilimwona Mkuu anavyofungua na kufunga droo ile ile.

Nimepewa mwezi mmoja na mashine moja ya zamani ya maabara: RAM gigabaiti 16, diski mbili. Ninachotaka ni barua pepe yenye jina la chuo, isomwe kwa kivinjari kwenye kompyuta au simu yoyote, na barua zenyewe zilale hapa hapa chini ya paa letu. Mhasibu ameuliza kwa nini tusilipie huduma ya nje tu. Swali la haki. Nimemjibu kwamba barua zetu nyingi tunaandikiana wenyewe. Msajili akimwandikia mhasibu, mita thelathini kutoka mlango hadi mlango, barua inavuka bahari ndipo irudi kugonga chumba cha pili.

Mfumo utakuwa Debian 12. Ijumaa Kuu dunia ya Unix ilipata mshtuko: Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, aligundua kuwa ndani ya xz, programu ya kubana faili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, kuna mlango wa siri uliotegwa makusudi. Kilichomshtua ni kwamba kuingia kwa ssh kulichelewa nusu sekunde. Nusu sekunde! Debian 12 ina xz 5.4.1, kwa hiyo haikuguswa. Nimeangalia mara tatu hata hivyo. Naipenda Debian kwa huo uzito wake wa kutokimbilia kipya.

Jumatano, 3 Aprili

Kabla ya kugusa kompyuta nimekwenda masjala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniondoa?"

Nimemwambia nimekuja kujifunza, na ndiyo kweli. Yuko pale mwaka wa ishirini na sita. Amenionyesha safari ya barua moja tangu getini. Inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Inaandikwa kwenye daftari la barua zinazoingia: imetoka kwa nani, imeandikwa lini, imefika lini, inahusu nini. Inapewa namba ya folio, inafungiwa ndani ya jalada lake, jalada linapelekwa kwa mhusika, naye anatia saini. Mahali pa jalada kabatini inabaki kadi.

"Jalada lisiporudi," kasema, "namjua wa kumdai."

Nimetoka na maswali manne nimeyaandika mgongoni mwa bahasha: imetoka kwa nani, imefika lini, amekabidhiwa nani, sasa iko wapi. Seva isiyoweza kuyajibu haya haitatufaa, hata ingekuwa na sura nzuri namna gani.

Jumamosi, 6 Aprili

Chuo kimya, swaumu inakwenda vizuri, mvua ya masika inapiga bati tangu alfajiri. Siku njema ya kazi.

Kazi nimezigawa kwa programu tatu, na nafurahi kwamba hakuna hata moja inayojifanya inaweza yote. Postfix ni tarishi: anapokea barua za nje kwenye mlango namba 25 na kuzitoa zetu. Wietse Venema aliiandika akiwa IBM, ikatoka mwaka 1998. Dovecot, iliyoanzishwa na Timo Sirainen wa Finland, ni mtunza kabati: ndiye anayejua barua ya nani iko wapi na nani ana ruhusa ya kuifungua. Roundcube ni dirisha ambalo watu watasimama mbele yake. Yenyewe haitunzi barua. Inamwomba Dovecot, inaonyesha, basi.

Baada ya kusakinisha Postfix nimeenda moja kwa moja kutafuta daftari lake, /var/log/mail.log. Halipo. Nimezunguka karibu saa nzima nikidhani nimekosea, kumbe Debian 12 haiji tena na rsyslog; kumbukumbu zote zinakwenda kwa journald. Zinasomeka kwa journalctl, lakini mimi nataka daftari linaloonekana, faili la maandishi ambalo mtu atalifungua miaka mitano ijayo bila kuniuliza. Nimerudisha rsyslog. Dakika hiyo hiyo faili likatokea, nikajitumia barua ya majaribio, na mistari ikaandikika, yote na namba ile ile ya barua: saa, imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, imechelewa sekunde ngapi, status=sent. Maswali matatu kati ya manne ya mama yamejibiwa kwa mistari michache.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeandika kwa kampuni inayotuletea intaneti kuomba jina la kinyume la anwani yetu ya IP. Jina la kwenda tunaliandika wenyewe. La kurudi, yaani namba iulizwe nayo itaje jina, linaandikwa na mwenye namba, na mwenye namba ni wao. Wamesema watashughulikia.

Jumatano, 10 Aprili

Idi Mosi. Nimeswali, nimekula pilau kwa shangazi Ngamiani, nimelala mchana. Jioni nikachungulia seva kwa simu.

Anwani hatujaitangaza kwa mtu yeyote. Hata hivyo daftari limejaa watu, au mashine, wanaojaribu nywila kwenye mlango wa ssh na kwenye ule wa Dovecot: admin, info, test, scan, root. Mstari baada ya mstari. Nimeweka fail2ban, atakayekosea mara tano anafungiwa nje. Ilivyokuja inamfungia dakika kumi. Nimeandika siku nzima.

Jumatatu, 15 Aprili

Siku iliyonila. Barua zinaingia, lakini mtu akitaka kutuma kupitia mlango 587 anaambiwa hatambuliki. Nywila sahihi, jina sahihi. Dovecot peke yake inamkubali; Postfix inamkataa. Daftari linasema private/auth hakuna.

Nimebadilisha nywila. Nimezima na kuwasha. Nimepindua nusu ya main.cf kisha nikairudisha. Saa nane mchana nikaacha, nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la walinzi nikaitazama mvua.

Pale benchini ndipo nilipokumbuka. Kwenye Debian, Postfix anafanya kazi kama mtu aliyefungiwa chumbani. Chumba chake ni /var/spool/postfix, na kwake yeye dunia inaanzia na kuishia hapo. Ukimwambia private/auth anatafuta ndani ya chumba hicho tu. Dovecot, ambaye ndiye mwenye orodha ya nywila, alikuwa ameweka dirisha lake la kuulizia nje ya chumba. Wote wawili wazima, wote wawili kazini, na kati yao ukuta.

Dawa ni mistari minne kwenye 10-master.conf: dirisha liwe /var/spool/postfix/private/auth, mmiliki postfix, kundi postfix, ruhusa 0660. Nimewasha upya na barua ikatoka mara ya kwanza. Sikulalamikia saa nilizopoteza. Huyu anayegusana na dunia nzima kupitia mlango 25 amefungiwa makusudi, ili siku akitekwa atekwe peke yake. Ningeujenga mimi mfumo huu nisingekuwa na hekima ya kuweka ukuta ule.

Alhamisi, 18 Aprili

Roundcube. Kusakinisha dakika kumi, kisha kivinjari kikasema ukurasa haupo. Sababu: mstari wa Alias ndani ya /etc/roundcube/apache.conf unakuja umezimwa kwa alama ya reli mbele yake. Umeachwa hivyo ili mtu asifungue dirisha la barua kwa dunia bila kujua. Nimeifuta alama, na ukurasa wa kuingilia ukatokea. Cheti cha usalama ni cha Let's Encrypt, cha siku 90, kinajihuisha chenyewe.

Mama wa masjala ndiye wa kwanza kuketi. Nimetengeneza faili la maneno yetu, na yeye ndiye aliyeyachagua. Nilikuwa nimeandika "Kikasha".

"Kikasha cha nini? Cha vito?" Kisha kwa upole: "Andika Zinazoingia. Na hizo Zilizotoka. Watu wa ofisi hii wanayajua maneno hayo tangu kwa mwalimu wao."

Nimeandika. Rasimu imebaki Rasimu.

Halafu akauliza swali nililokuwa nikilisubiri: barua yenyewe iko wapi? Sio picha yake hapa kiooni, barua yenyewe. Nimempeleka kwenye skrini nyeusi, tukaingia kwenye saraka yake ya Maildir. Kila barua ni faili moja, peke yake. Jina la faili linaanza na sekunde ya kufika kwake, kisha namba, kisha jina la seva, na mwishoni kabisa nukta mbili, 2, na mkato. Baada ya mkato huo hakuna kitu kama barua haijasomwa. Nimemwomba aifungue barua ya majaribio kwenye Roundcube, kisha nikaorodhesha tena. Herufi S imetokea mwishoni mwa jina la faili.

"Hiyo ni saini," kasema.

Ni saini. Akijibu barua inaongezwa R. Akiiwekea alama ya umuhimu, F. Amevua miwani, akaisogelea skrini, akasoma jina zima la faili kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu. Swali la nne limejibiwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Barua ya kwanza kwenda Gmail imerudishwa: 550 5.7.26, mtumaji hajathibitishwa. Tangu Februari mwaka huu Google na Yahoo wamekaza. Kila atumaye lazima awe na SPF au DKIM, na anwani yake ya IP iwe na jina la kwenda na la kurudi.

SPF niliiandika mapema lakini nikataja namba ya zamani, ya kabla hatujabadilishiwa laini. Kosa langu. SPF ni tangazo kwenye DNS kwamba barua za jina hili huletwa na mashine hii tu. Nilikuwa nimemtangaza tarishi aliyeacha kazi.

DKIM ndiyo iliyonichelewesha. Hiyo ni mhuri: seva inaitia kila barua saini kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi unawekwa DNS ili mpokeaji ahakiki kwamba barua haikuguswa njiani. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255, na kipande kimoja cha rekodi ya TXT hakibebi zaidi ya hapo. Ukurasa wa kuandikia rekodi ulipokea maandishi yangu yote, ukasema vyema, ukakata mkia. Nimegundua kwa kuuliza kwa dig na kulinganisha na faili, kidole kwenye kioo, herufi kwa herufi, mpaka mahali palipoishia. Nimeugawa vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu. Sasa unasomeka mzima.

Jumatano, 24 Aprili

Jina la kinyume limewekwa. Siku kumi na sita, simu tano, na mara ya mwisho nimekwenda mwenyewe dirishani kwao. Kijana aliyenihudumia hakujua ombi langu ni la nini, lakini alinisikiliza, akampigia mwenzake, ikaisha kwa robo saa. Barua ya Gmail imefika, na imefika kwenye barua zake za kawaida. Haikutupwa kwenye taka.

Jumanne, 30 Aprili

Msajili anatuma matokeo yaliyoskaniwa, faili la megabaiti 8, linakataa. PHP ilikuwa inakubali megabaiti 2 tu. Nimepandisha, bado. Postfix ina mpaka wake wa baiti 10,240,000, na kiambatanisho hakisafiri kama kilivyo: kinageuzwa kuwa herufi, kinanenepa kwa theluthi. Megabaiti 8 zinafika karibu 11 mlangoni. Nimeweka baiti 26,214,400. Nimemwomba pia msajili askani kwa rangi nyeusi na nyeupe. Matokeo hayahitaji rangi.

Ijumaa, 3 Mei

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wametangaza Kimbunga Hidaya kinakaribia pwani. Sisi tuko kaskazini, lakini nimeshindwa kutulia. Diski mbili zinazofanana ndani ya sanduku moja si nakala. Maji yakiingia yanaingia kote. Leo nimevuta waya hadi maktaba na kuweka mashine ya pili. Kila usiku saa nane rsync itapeleka barua huko. Nimejaribu na kurudisha: nimefuta saraka ya majaribio, nimeirejesha, nimehesabu mafaili. Sawasawa.

Jumatatu, 13 Mei

Jana nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zimekatika. Leo intaneti kwetu ni kama hakuna. WhatsApp inazunguka, benki kwa simu haifunguki, watu wamesimama koridoni wameinua simu juu.

Saa mbili na nusu nikaona kwenye daftari kwamba msajili amemwandikia mhasibu. Sekunde moja. Mhasibu akamjibu. Kisha Mkuu akawaandikia wote kuhusu kikao, ikafika kwa wote. Nilikuwa nimeweka unbound hapa ndani, ijibu jina la seva yetu yenyewe bila kuuliza nje. Bila hiyo barua zingekuwepo na dirisha lisingefunguka. Kompyuta mbili za uhasibu hazikufungua. Nimekuta mtu aliziandikia 8.8.8.8 kwa mkono zamani, basi zilikuwa zinauliza Google njia ya kwenda chumba cha jirani. Nimefuta, zikafunguka.

Mhasibu mwenyewe alinipungia mkono kupitia dirishani. Hakusema neno na mimi sikusema.

Barua za nje zimepanga foleni. Nimehesabu 37 jioni. Postfix itazijaribu tena na tena kwa siku tano ndipo izirudishe. Nilifikiria kuongeza ziwe kumi, nikaacha. Aliyeandika ana haki ya kujua kwamba barua yake haikufika angali na muda wa kupiga simu. Badala yake nimewasha onyo: barua ikikaa foleni saa nne, mwenyewe anaarifiwa.

Jumatano, 15 Mei

Njia imefunguka, kwa kusuasua. Foleni ilianza kupungua usiku. Asubuhi zilikuwa 11, saa sita mchana 1, na hiyo moja anwani yake iliandikwa vibaya tangu mwanzo. Imerudi kwa mwenyewe.

Mchana amekuja yule ofisa taaluma wetu wa zamani. Alikuwa Tanga kwa msiba wa ndugu yake, na Mkuu alimpigia. Ameketi kwenye kiti changu, ameandika nywila yake mwenyewe nikiwa nimegeuza uso, na amechagua yeye folda ipi ni ya chuo na ipi ni yake. Imapsync imevuta ya chuo peke yake hadi sanduku la masjala, polepole kwa hali ya leo, barua za miaka minne, kila moja na tarehe yake ya asili. Alipopita masjala kuaga, mama alimshika mkono muda mrefu. Walifanya kazi pamoja miaka tisa.

Baada ya ofisa kuondoka mama akaniita. Barua ya ukaguzi ilikuwa pale, ya Januari, kwa herufi nzito. Haijawahi kufunguliwa. Amechukua daftari lake la karatasi, ameandika tarehe ya barua, ameandika tarehe ya kufika 15 Mei 2024, ameipa folio. Ndipo akabofya. Mimi nilikuwa kwenye skrini nyeusi, naangalia jina la faili. Mwisho wake ulikuwa mkato tu. Kisha S.